Tangi moja la lita 144: wa magambani, mbuna, furu au wa madimbwi?

Kijana_wa_Kioo
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Nina tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40, lita 144 ukijaza mpaka ukingoni. Miaka miwili nimefuga gapi (guppy), wale samaki wadogo wa mapambo. Wamezaana hadi majirani wananikimbia nikiwabishia hodi na ndoo. Sasa nataka samaki wa kwetu, maana ni ajabu wafugaji wa Ulaya wahangaike kupata samaki wa Tanganyika na Nyasa halafu mimi nilee wa Marekani ya Kusini.

Machaguo yangu ni manne: wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi kwenye magamba ya konokono, mbuna, wale wa kwenye mawe ya Nyasa, furu wa Victoria, na wale wa rangi wanaotokea kwenye madimbwi ya mvua. Maji yangu ni ya kisima. Nafasi ya tangi la pili sina. Mngekuwa mimi mngechukua nani?

Fundi_Chujio
Marahaba. Kabla hujaniuliza samaki, birika lako linashika ukoko mweupe?

Kijana_wa_Kioo
Linashika mzee, tena mnene. Na sabuni haitoi povu kirahisi.

Fundi_Chujio
Sabuni isikudanganye, hata maji ya chumvi ya kisima cha pwani yanagoma kutoa povu. Ukoko wa birika ndio shahidi wa kuaminika, kwani ule ni chokaa. Maji ya Tanganyika yana madini mengi, na pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, hucheza kwenye 9. Nyasa inafuata, iko kwenye 8 na ushee. Victoria ni laini kuliko yote mawili. Kwa hiyo kisima chako kimeshakupigia kura Tanganyika au Nyasa. Pima pH ujue namba, ila usianze kumimina dawa za kuibadilisha. Samaki huvumilia pH isiyo kamili kuliko pH inayopanda na kushuka kila wiki.

Mama_Mbuna
Mwanangu, nitasema ukweli ingawa ndio ninaowapenda. Mbuna kwenye sentimita 90 ni ugomvi wa kila siku. Nimewahi kuwa na wale wa bluu wenye milia myeusi, demasoni, wanaotoka Pombo Rocks upande wetu wa Tanzania. Mtu mzima hazidi sana sentimita 8, ukimwona dukani unasema huyu mpole. Niliweka watano. Baada ya mwezi alibaki mmoja, amenona, anatembea kama mwenye nyumba.

Kosa lilikuwa langu. Hawa wanataka kuwa wengi, kumi na mbili kwenda juu, ili mbabe akose mtu mmoja wa kumwandama. Lakini wakiwa wengi hivyo unahitaji tangi refu, mawe mpaka juu na chujio la nguvu. Ukipata la mita moja na nusu, rudi tuongee.

Msukuma_wa_Ziwa
Mimi napigia debe furu, na sababu yangu ni ya moyoni. Sangara aliletwa Victoria miaka ya 1950, akatulia, kisha miaka ya 1980 idadi yake ikalipuka na furu wakafyekwa, spishi kwa mamia. Kuwa nao nyumbani ni kama kutunza picha ya ukoo.

Halafu kuna Pundamilia nyererei. Mwaka 1985 wataalamu walimpa jina la Mwalimu, na 1998 akaingizwa kwenye kundi walilolibatiza Pundamilia kwa sababu ya milia yake. Jina zima la kisayansi na hakuna haja ya mkalimani! Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye milia myeusi. Jike, samahani akina dada, ni wa rangi ya tope.

Bi_Mwani
Msukuma, mwambie na upande wa pili. Furu ukichanganya spishi mbili zinazofanana, wanazaana ovyo. Jike humtambua dume wake kwa rangi. Kuna utafiti uliochapishwa 1997 ulioonyesha kwamba maji ya ziwa yakichafuka mwanga unabadilika, majike wanashindwa kutofautisha madume mekundu na ya bluu, na mipaka ya spishi inaanza kufutika. Sasa wewe weka taa ya rangi rangi sebuleni uone. Ukifuga furu, fuga spishi moja, na vifaranga chotara usimgawie mtu kwa jina la nyererei.

Msukuma_wa_Ziwa
Hapo umenishika. Na kwa lita 144 ningeweka dume mmoja na majike matano, basi. Si tangi la kuchangamsha wageni.

Dimbwi_la_Rufiji
Mbona wa madimbwi hawana wakili? Nothobranchius ndio samaki wenye maisha ya ajabu kuliko wote hapo. Mvua inanyesha, dimbwi linajaa, mayai yaliyolala kwenye tope yanaanguliwa, samaki wanakua mbio, wanataga, jua linakausha dimbwi, wote wanakufa. Mayai yanangoja mvua nyingine. Wa Zanzibar, guentheri, unawatagisha kwenye mboji, unaikamua, unaihifadhi kwenye mfuko ikiwa na unyevu kwa miezi mitatu hivi, kisha unaimwagia maji na vifaranga wanatoka.

Ubaya: ukishampenda, mwaka haujaisha umeshamzika. Chakula wanapenda kinachocheza, kwa hiyo utakuwa mfugaji wa viluwiluwi vya mbu pia, na mwenye nyumba asijue. Tangi la lita 40 linawatosha kabisa, kwako litaonekana tupu.

Bi_Mwani
Turudi kwenye magamba, maana naona jibu liko huko. Neolamprologus multifasciatus: dume sentimita 4 na kidogo, jike mdogo zaidi. Kule ziwani wanaishi kwenye magamba matupu ya konokono aina ya Neothauma. Unawawekea mchanga laini wa kina cha sentimita 5 au zaidi, unatupa magamba ovyo, unakaa pembeni. Watahamisha mchanga kwa midomo mchana kutwa na kukupangia mtaa wao. Vifaranga wakikua hawafukuzwi, wanabaki na familia. Kwa sentimita 90 utapata ukoo mzima wenye mipaka ya viwanja na kesi za ardhi.

Usivutwe tu na Tropheus wa ziwa lilelile kwa ajili ya rangi. Hao ni wala mwani wa kwenye mawe. Mimi niliwapa dagaa wa kusaga nikidhani nawajali. Matumbo yakavimba, na kati ya kumi na wawili nikabaki na wanne.

Msukuma_wa_Ziwa
Na kambale? Natania.

Fundi_Chujio
Kambale anazidi urefu wa hilo tangi, na ukisahau kulifunika utamkuta jikoni.

Kijana, mambo matatu. Chujio lako la miaka miwili ni mali, lina bakteria wanaomeza amonia. Suuza sponji kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba yenye klorini, na usilizime siku nzima ukibadilisha mchanga. Gapi wagawe, usiwamwage mtoni hata mmoja. La mwisho: nunua samaki waliozaliwa matangini, na ukifikiria kwenda kuvua mwenyewe pita kwanza kwa ofisa uvuvi uulize kibali.

Kijana_wa_Kioo
Basi ni wa magambani. Nianze na wangapi, na magamba nipate wapi?

Bi_Mwani
Wanane wachanga, jinsia zitajipanga zenyewe. Magamba matatu kwa kila samaki. Okota ya konokono wa shambani, yale madogo yenye mdomo wa sentimita 2 au 3, chemsha vizuri, sugua ndani. Lenye harufu lichemshe tena au litupe.

Kijana_wa_Kioo
Nimefikisha magamba 19. Mke wangu ameona sufuria yake jikoni na ameomba namba ya simu ya aliyenishauri. Dada Bi_Mwani, nimemwambia ni Fundi.

Fundi_Chujio
Mwambie nilikushauri birika tu.