Naomba ushauri: duka la bei chee limenikalia kooni

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina duka la mangi hapa Majengo, Moshi, mwaka wa 6 sasa. Tangu Januari limefunguliwa duka kubwa la bei chee jirani. Sukari wanauza bei ninayonunulia mimi jumla. Wenye hela mkononi wamehamia huko. Kwangu wamebaki wa mafuta ya kupima, sukari robo na "niandikie mangi". Daftari limefika laki 4 na nusu, na baadhi ya wadaiwa nawaona wakipita na mifuko ya kule, shingo wamegeuza! Nimejaribu kuchangia mzigo wa mchele na mwenzangu, nafuu ni kiduchu.

Nikifunga daftari, si nitapoteza hata hawa waliobaki? Na zaidi ya mkaa na dagaa, niongeze nini cha kupima?