Mrejesho: kuosha baiskeli yenye vumbi na grisi

Wakuu, niliuliza nioshe na nini baiskeli iliyoganda grisi na vumbi la njia ya Mpunguzi, hapa Dodoma. Mliosema mafuta ya taa mko sahihi, ila kwa cheni na gia tu. Nilisugua kwa mswaki wa zamani, ukachuruzika uji mweusi mpaka pini za cheni zikaonekana. Rimu na raba za breki sikuzigusisha, zingeteleza. Fremu imetosha sabuni ya maji ya vyombo na kitambaa laini. Stilwaya ingekwangua rangi. Kwa waosha magari sikwenda, ile presha inasukuma maji kwenye golori. Cheni ilipokauka nikatia oili kidogo, nikafuta ya juu, maana kwa upepo huu wa Dodoma ikibaki mbichi inabeba mchanga. Aliyeshauri dizeli: mkuu, na harufu ile, baiskeli yangu inalala sebuleni!