Mawaridi yanaungua majani, bogenvilia haitoi maua, shida nini?

Mama_Asumini: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Niko Mbagala, nilinunua miche ya mawaridi kwa wale wauza maua wa barabarani, ilikuja imechanua kabisa, haijakaa sana majani yakaanza kuungua kingoni yakapukutika, sasa vimebaki vijiti vya miiba tu. Namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Bogenvilia nayo imejaa majani mpaka imepita ukuta, ua hata moja hakuna, na samadi ya kuku naiwekea kila mara. Iliyokubali ni asumini peke yake, usiku mpaka chumbani inanukia.

Mzee wa Miche: Dada onja hayo maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi na waridi haliiwezi kabisa, jani kuungua kuanzia kingoni ndo dalili yake. Kinga maji ya mvua kwenye pipa. Ukikosa, mwagilia mengi kwa mpigo mpaka yatoke chini ya kopo chumvi iondoke nayo, hivyo vidogo vidogo vya kila siku ndo vinairundika. Halafu waridi linapenda baridi ya nyanda za juu, wanakolilima sana Arusha ni kama mita 1,400 juu ya bahari na Naivasha kule Kenya inakaribia 1,900, sisi huku tuko usawa wa bahari.

kibarazani: Bogenvilia acha samadi ya kuku, ina naitrojeni nyingi, inasukuma majani tu. Ipunguze matawi, maua yanakuja kwenye machipukizi mapya, halafu usiipe maji mpaka uone majani yanalegea. Na iwe juani kutwa, chini ya mwembe utasubiri sana.

Bi Mkubwa Tanga: Mwanangu usikate tamaa na waridi. Tafuta lile la kienyeji, dogo la pinki linalonukia, mimi huku linanichanulia vizuri tu, jua la asubuhi mchana kivuli. Na hiyo asumini chuma alasiri ingali tumba, itafunguka usiku yenyewe, changanya na mrehani ufunge kikuba, kile kishada cha kujinukishia.

Mama_Asumini: Ahsanteni sana jamani. Nimeonja maji, chumvi tupu! Bi Mkubwa, hilo la kienyeji linaoteshwa kwa tawi?

Bi Mkubwa Tanga: Ndio, chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, chomeka kivulini wakati wa masika.