Kwa nini uzee unasomwa kwa minyoo?

Swali: Wadau habari zenu, namuona bibi anavyoishiwa nguvu nikaanza kusoma mambo ya kuzeeka, kila mahali naona minyoo tu. Kwa nini?

Jibu 1: Mkuu, huyo ni mnyoo mdogo wa kwenye udongo anayeitwa C. elegans, ana milimita 1 tu na anaishi wiki 2 hadi 3, yaani maisha yote unayaona ndani ya mwezi, panya ungesubiri miaka. 1993 mwanasayansi Cynthia Kenyon na wenzake kule Marekani walionyesha minyoo wenye hitilafu kwenye jeni moja (maelekezo ya kurithi ndani ya seli), inaitwa daf-2, wanaishi mara mbili ya wenzao! Na sisi tuna jeni za jamii hiyo, zinahusika na insulini, homoni ya kudhibiti sukari mwilini.

Jibu 2: Naongezea, mwili wake unapitisha mwanga, kwenye hadubini unaona mpaka utumbo. Akizeeka mwendo unapungua, mwisho unamgusa na kawaya kembamba, asipotikisika kabisa ndo unaandika amekufa.