Nyanya za kitalu zinachanua lakini majani ya chini yanakuwa ya njano (Buswelu, Mwanza)

Kitalu_Buswelu:
Wakuu, mwangaluka. Naomba mnisaidie kabla tatizo halijafika juu. Kitalu nyumba (greenhouse) ni cha mita 8 kwa 15, nailoni juu na neti pembeni. Kina miche 250 ya nyanya ndefu za kupanda kamba, wiki ya 9 tangu kuhamishia. Kichala cha kwanza kina matunda ya ukubwa wa yai, cha tatu kinachanua.

Udongo ni mchanga wetu wa huku kwenye mawe. Uliwekwa samadi ya ng'ombe na mbolea ya DAP wakati wa kupanda, na pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ni 5.6. Maji ni ya ziwa kwa matone, lita 2 kwa mche kwa siku: lita 1 asubuhi, lita 1 saa 12 jioni. Tangu maua ya kwanza yatoke, kila siku tangi la lita 500 linapata potasiamu salfeti kilo 1 na kalsiamu naitreti gramu 400, zote zikiyeyushwa kwenye ndoo moja. Na kiganja cha majivu kwa kila shina kila wiki.

Dalili: majani ya chini yamekuwa njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe imebaki kijani. Sasa njano inapanda kuelekea katikati ya mmea. Mengine yana mabaka ya njano yasiyo na mpaka unaoeleweka. Juu kabisa ni kijani. Duka la pembejeo wanasema niongeze Urea. Niweke?

BwanaShamba_Igoma:
Urea usiweke, mkuu. Ingekuwa nitrojeni imepungua, jani la chini lingefifia lote pamoja na mishipa yake, na mmea mzima ungekuwa mwembamba na mkavu wa rangi. Ingekuwa chuma, njano ingeanzia majani machanga ya juu, maana mmea hauwezi kukihamisha chuma kutoka jani la zamani. Ingekuwa potasiamu, ungeona kingo zinaungua kama zimepitiwa na moto. Njano katikati ya mishipa, ikianzia chini wakati matunda yanajaa, hiyo ni magnesiamu. Mmea unaing'oa kwenye majani makuukuu na kuipeleka juu.

Angalia pia ulivyoinyima. Mchanga wa granaiti haushiki magnesiamu, na pH 5.6 inazidi kuipunguza. Maji ya ziwa ni mepesi mno kwa madini: kipimo cha chumvi chake ni kama 0.1 mS/cm tu, kwa hiyo usitegemee yakuletee kitu, tofauti na visima vingi. Juu ya hapo umemwaga potasiamu. Potasiamu salfeti ina takriban asilimia 41 ya potasiamu halisi. Kilo 1 kwenye lita 500 ni gramu 2 kwa lita, yaani zaidi ya miligramu 800 za potasiamu kwa lita. Nyanya inayozaa inatosheka na 250 hadi 350. Potasiamu ikizidi, inauzuia mzizi kuchukua magnesiamu. Majivu nayo yana potasiamu, kwa hiyo umeiongeza mara mbili bila kujua.

Neti_na_Kamba:
Nakubaliana na bwana shamba kuhusu magnesiamu, ila hayo mabaka yasiyo na mpaka yananipa wasiwasi. Dada/kaka, chuma jani moja lenye baka, ligeuze, ulitazame kwenye mwanga wa asubuhi. Ukikuta upande wa chini, pale pale chini ya baka, kuna kitu kama mahameli cha rangi ya zeituni au kahawia, na ukikipitisha kidole kinabaki na vumbi, huo ni ukungu wa majani, *Passalora fulva*. Magnesiamu haioti manyoya.

Ukiona madoa meusi yenye duara ndani ya duara, hiyo ni bakajani tangulia, jambo jingine. Ukiona vidoa vidogo vyeupe kama umenyunyizia chumvi, kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe: vitu vinavyotembea ni utitiri.

Kitalu_Buswelu:
Nimegeuza majani kumi. Sita yana njano tupu, chini safi. Manne yana hiyo mahameli, rangi ya zeituni, na vumbi limebaki kidoleni. Yote manne yametoka mistari ya katikati ya kitalu. Karatasi nyeupe haina kitu. Na kwenye ndoo ya mbolea kuna mashapo meupe chini, tangu mwanzo.

Neti_na_Kamba:
Basi una mawili kwa wakati mmoja, na ukitibu moja tu utasema dawa haifanyi kazi.

Ukungu huo unakaa pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 85, na kitalu cha karibu na ziwa kinafika hapo usiku bila shida. Maji ya saa 12 jioni ndiyo yanayoumalizia: udongo unabaki umelowa, hewa imefungwa, na kufikia alfajiri matone yananing'inia chini ya nailoni. Hamishia maji yote asubuhi, yaishe kabla ya saa 4. Mapazia ya pembeni yafunguliwe saa 1 asubuhi kabla jua halijapiga, kwa sababu hewa ikipashwa imefungwa, jani ambalo bado ni la baridi linalowa. Kama kitalu chako hakina matundu ya hewa, usiku acha pazia wazi kiganja kimoja juu.

Kisha punguza majani yaliyo chini ya kichala cha kwanza, yasizidi matatu kwa mche kwa wiki. Kata asubuhi kavu, moja kwa moja ndani ya kiroba, peleka nje ukafukie. Usiyaweke kwenye mboji ya kitalu. Mistari ya katikati ifanye mwisho ili usibebe vumbi lile kwa nguo kwenda kwenye miche mizima. Kwa dawa, kopa oksikloraidi inasaidia kuzuia majani ambayo hayajashikwa. Fuata kipimo cha lebo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Baka lililopo halitapona.

BwanaShamba_Igoma:
Mashapo meupe ni kalsiamu iliyoshikana na salfeti: jasi. Umekuwa ukitupa kalsiamu chini ya ndoo, na kilichobaki kinaziba mipira ya matone. Ukianza kuona kitako cheusi kwenye matunda, usishangae.

Fanya hivi. Majivu acha kabisa. Siku 2 za kwanza maji matupu, lita 3 kwa mche kwa siku, asubuhi tu, kusukuma potasiamu iliyojazana. Siku ya 3 anza upya kwa tangi la lita 500: potasiamu salfeti gramu 300, kalsiamu naitreti gramu 400, magnesiamu salfeti (chumvi ya Epsom) gramu 250. Kalsiamu iyeyushe kwenye ndoo yake peke yake. Potasiamu na magnesiamu zinaweza kukaa ndoo moja. Jaza tangi kwanza, mimina ndoo ya kwanza, koroga, ndipo ya pili. Zikiwa nyepesi kiasi hicho hazishikani.

Mzizi utachukua muda, kwa hiyo saidia kwa jani: Epsom gramu 10 kwa lita, yaani 200 kwa bomba la kupulizia la lita 20, mara 3 kila baada ya siku 7. Watu wengi hupulizia jioni ili jani linywe taratibu. Kwako hapana, kwa sababu ya ukungu. Pulizia saa 1 asubuhi mapazia yakiwa wazi, na isiwe siku moja na kopa.

Jani lililokwisha kuwa njano usilitumie kama kipimo. Funga uzi kwenye jani la kwanza la kijani juu ya njano, leo. Baada ya siku 10 hadi 14 likiwa bado kijani, umepata. Likianza kufifia, rudi hapa na pH mpya ya udongo.

Msimu ujao, mwezi mmoja kabla ya kupanda, changanya chokaa ya dolomaiti gramu 200 kwa mita mraba, kama kilo 24 kwa kitalu chako. Inapandisha pH na kuacha magnesiamu, bila kuongeza potasiamu kama majivu.

NgwanaMagu:
Kuna linalosahaulika: kwenye unyevu huo chavua inagandamana, na kichala cha tatu kinaweza kupukutisha maua hata mbolea ikikaa sawa. Gonga kamba kwa kijiti kati ya saa 4 na saa 6 mchana, hewa ikiwa imekauka, kila siku hadi kichala kifunge.

Majani ya chini yakijikunja juu kama mtumbwi lakini yakawa magumu na ya kijani, usiyapige dawa, ni joto na kupogolea. Yakijikunja ya juu kabisa, madogo, yenye kingo za njano na mmea umedumaa, hiyo ni rasta, ugonjwa wa virusi wa kukunja majani unaoletwa na inzi weupe. Huo mche ung'oe siku hiyo hiyo.

Kitalu_Buswelu:
Asanteni sana wakuu. Maji ya jioni yamefungwa, ndoo sasa ni mbili, uzi mwekundu umefungwa kwenye miche 12, sita ya katikati na sita ya pembeni. Epsom gramu 200 inaingia kwenye bomba kesho saa 1.