Bodi ya gitaa la umeme: nichonge kwanza au nigundishe upya kiungo chenye uwazi?

solo_moro: Wakuu, habari za jioni. Nina bodi ya gitaa la solo, mninga wa unene wa mm 45, nimeinunua ikiwa nusu kazi. Ni vipande vitatu vilivyogundishwa, kingo za nje bado zimenyooka. Nataka kuichonga: pembe ya chini iingie ndani ili vidole vifike nota za juu, na nyuma nipunguze panapogusa tumbo. Shida ni kiungo cha ubawa wa chini. Ncha moja imeachia, kadi ya benki inaingia. Ncha nyingine imebana. Nimeshauriwa nishindilie unga wa mbao na gundi nyeupe. Itashika? Litapigwa kanisani kila wiki, sitaki aibu.

fundi_randa: Mkuu, usichonge kitu kwanza! Kingo zikiwa zimenyooka klempu (kibano cha kubana mbao wakati gundi inakauka) inapata pa kukaa. Ukishazipinda itateleza tu. Na hiyo ya unga na gundi nyeupe achana nayo. Gundi nyeupe inakauka kwa kupoteza maji, kwa hiyo inasinyaa, na nguvu yake ipo pale mbao mbili zinapogusana kabisa. Pata msumeno wa meno madogo, pasua pale pale kwenye mstari wa kiungo, kisha piga randa ndefu. Simamisha vipande viwili pamoja mbele ya taa: mwanga ukipenya, bado. Futa gundi ya zamani yote, mpya haishiki juu yake.

solo_moro: Asante sana mkuu. Nikipasua si nitapoteza upana? Na klempu ninayo moja tu.

fundi_randa: Milimita mbili tatu za ubavuni hazina madhara. Kipande cha kati ndicho kinachobeba shingo na briji (kile kinachoshika nyuzi kwenye bodi), hapo ndipo nyuzi zinavuta karibu kilo 45. Usikiguse. Klempu: kata tyubu ya baiskeli vipande virefu, zungushia kwa kuvuta, ongeza kabari. Gundi itoke kidogo mstari mzima. Iache siku nzima.

mama_mbao: Naongezea kwa asiyeweza kupasua: epoksi ile ya kuchanganya mirija miwili inajaza uwazi bila kusinyaa. Ichanganye na unga wa mninga huo huo ili rangi isipishane sana, ila usikaze mno, ukikaza inatoka yote. Bado naunga mkono randa, mstari wa epoksi utauona kila ukipaka vanishi.

Kabla ya kupunguza nyuma, pima kina cha shimo la waya. Hapo wengi hutoboa. Mimi huacha angalau mm 6 za mbao. Na vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua na kifua.

solo_moro: Shimo lina kina cha mm 35, mama. Nyuma zimebaki 10.

mama_mbao: Basi hapo ondoa mm 4 tu, mwanangu. Mteremko wa tumbo usogeze juu, mbali na shimo. Anza na tupa, malizia na msasa namba 120.