KANIZIMIA MAIKI nikiongelea kura za IMF! Huyu mwenyekiti mnamjua

Wakuu, nimetoka kwenye mkutano wa mtandaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Mada ilikuwa kuzirekebisha taasisi za kimataifa ziwe za haki. Mwenyekiti ni yule yule, simtaji, yule wa kushukuru wafadhili mpaka chai inapoa.

Saa mbili nzima nimenyoosha mkono! Wa Ulaya wanapewa dakika ishirini ishirini, mmoja kaongea mpaka ndevu zikaniota. Zamu yangu: "Dar es Salaam, dakika moja." Haya. Nikaanza: pale IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85... KANIZIMIA MAIKI. Najiona kwenye skrini mdomo unafunguka na kufunga kama perege kwenye ndoo.

Nimefika asilimia 85 tu! Sijasema kwamba hapo nchi moja ikigoma, dunia nzima imekwama. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ndiyo sijaligusa kabisa: Afrika nchi 54, kiti cha kudumu hata kimoja hatuna. Tumedai viwili vyenye veto, yaani kura ya turufu, tangu 2005, kwenye Makubaliano ya Ezulwini ya Umoja wa Afrika, mtoto wa mwaka ule leo ana ndevu. Lakini maiki, wakuu! Mkutano wa haki, halafu unanizimia maiki!

Mpigafilimbi: Pole mkuu. Mimi aliniita "mshiriki wa Afrika" kikao kizima, na jina langu limeandikwa pale pale chini ya sura.

Shangazi Mkali: Umezimiwa au bando lilikata? Asilimia 85 labda ilikuwa chaji ya simu.

Mleta mada: Bando ninalo! Kazima yeye, nimeona alama nyekundu kwa macho yangu! Nilikuwa nimefika asilimia 85...

Mzee wa Kahawa: Nyerere kavutana na IMF tangu 1979, akiongelea mikopo. Wewe unavutana na kitufe.

Kidagaa: Afadhali ninyi mliingia. Mimi nilialikwa kabisa, viza ikatoka mkutano umeshaisha. Ada hawarudishi.

Mpigafilimbi: Ada ya viza ni wizi, fungua uzi wake.

Mzee wa Kahawa: Viza ni nini bwana. Kamati ya harusi ya binamu yangu, mwenyekiti katoa elfu hamsini na anapinga kila kitu. Mimi laki tano, naambiwa subiri zamu.

Kidagaa: Ungekuwa IMF ungemshinda, kule kura zinafuata mfuko.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, KANIZIMIA MAIKI.

Shangazi Mkali: Ngoja kwanza. Mzee, laki tano umepewa kadi ya dabo au singo?

Mzee wa Kahawa: Singo.

Shangazi Mkali: SINGO?! Mwenyekiti wa kamati hiyo anaishi mtaa gani?